Tumechimba karo tukakuta pleti za betri. Nianzie wapi kupima madini ya risasi, ile sumu ya betri, kwenye udongo?

MamaMayai (Jumanne, saa 4:10 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Naombeni msaada wa mtu anayejua udongo, siyo wa kunitia moyo. Wa kunitia moyo ninao nyumbani wa kutosha.

Nakaa Dar, upande wa Barabara ya Nyerere, huku kwenye maghala na viwanda vya zamani. Mtaa sitautaja, sababu mtaiona mbele. Mchana naandika hesabu kwenye duka la vipuri Kariakoo, nyumbani nafuga kuku wa kienyeji kama thelathini na mayai nawauzia majirani. Nyumba tulinunua 2016. Karatasi zote zipo, serikali ya mtaa waligonga mihuri, mashahidi walikula pilau wakashiba. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kusema hapa palikuwa na nini kabla ya kukatwa viwanja.

Mwezi uliopita karo lilijaa. Fundi akashauri tuchimbe jipya pembeni. Siku ya pili, kwenye futi nne hivi, sururu ikabadilika mlio. Mchanga mwekundu uliisha ghafla kama umekatwa kwa kisu, ukaanza udongo wa kijivu unaoelekea weusi, mzito, unang'ang'ania chepe. Ndani yake vipande vyeusi vya kasha, na vitu kama biskuti za kijivu zenye vijitundu vya mraba, ukizigusa zinameguka. Fundi alishika moja akawa anaivunjavunja kwa vidole huku anaongea na simu. Ule unga ukabaki kwenye mistari ya kiganja chake. Nikamwambia akanawe, akacheka, akajipangusa kwenye suruali, akaendelea na simu yake.

Kuna mzee anauza kahawa kona ya kwetu, yuko hapa tangu enzi za Mwalimu. Nikamfuata. Akasema bila hata kufikiri: "Hapo si yadi ya mabetri?" Kumbe palikuwa na ukuta, malori yakileta betri mbovu, vijana wanazivunja na kuyeyusha. Anawakumbuka kwa suruali zao, zilikuwa na matundu matundu kama zimeliwa na panya, asidi ilikuwa inazila. Yadi ilikufa miaka ya 1990 mwanzoni, pakawa pori, baadaye zikaja tripu na tripu za kifusi, kisha viwanja. Na mimi.

Sasa kinachoninyima usingizi. Udongo uliotoka shimoni tuliurundika karibu na geti, ukakaa siku nne. Mwanangu mdogo hajafikisha miaka mitatu. Lile lundo aligeuza jiko lake. Alikuwa anapika na vifuniko vya soda, anakanda, anasukuma, na siku moja akaniletea "chapati" mpaka mlangoni nikajifanya nakula. Midomo yake ilikuwa na kijivu. Nilimfuta kwa khanga nikacheka.

Naomba kujua. Nachota udongo wapi na kwa namna gani? Nani anapima hapa Dar? Watoto nao wapimwe au nasubiri majibu ya udongo kwanza? Na hawa kuku, maana muda wote wanajigaragaza pale pale kwenye lundo.

Nimeshakwenda ofisi mbili. Ya kwanza wakaniambia wao wanapima maji, si udongo. Ya pili wakasema niandike barua. Nikaandika. Wakasema barua haina kumbukumbu namba. Nikauliza namba naipata wapi, wakasema wanaitoa wao wakishapokea barua.

Na jirani yangu wa kushoto amepaka rangi ukutani "NYUMBA INAUZWA". Alinisikia naongea habari za betri kwenye simu. Asubuhi yake akanisimamia getini: "Mama, hayo maneno yaishie ndani ya ukuta wako." Ndiyo maana mtaa siutaji.

PletiKumiNaMoja (Jumanne, saa 5:02 usiku)

Mama Mayai, shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi pole na majukumu.

Mimi ni fundi betri wa Gerezani, sasa macho yamechoka nimewaachia vijana. Nikuulize kitu kimoja kabla ya yote. Lile kasha jeusi, ukiligonga linapasuka kama kigae au linapinda kama ndoo? Likiwa la kigae ni mpira mgumu wa zamani, eboniti, na ukingoni mwake utakuta lami, maana juu tulikuwa tunaziba kwa lami. Likiwa la ndoo ni plastiki, hizo zilikuja nyuma. Ukiniambia hilo nitakuambia yadi yako ni ya lini.

Wakati ule betri ilikuwa inafanyiwa ukarabati, siyo kutupwa. Unapasha lami moto ikilegea unavuta selo, yaani mafungu ya pleti, asidi unaimwaga pale pale chini, nani alikuwa na pipa la asidi? Halafu unageuza kasha unaligonga, linatoka tope la chini. Hilo tope ndilo baya. Betri ya gari zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, lakini risasi iliyo kipande kizima, unaishika na unaiweka. Unga ndio unaoingia mwilini. Pleti ikishaoza inakuwa unga mtupu, kama alivyokuwa anaufanya fundi wako kwa vidole.

Kuyeyusha nako ni kazi rahisi mno, na hapo ndipo ubaya wake. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327. Mkaa wa kawaida na kipepeo unatosha. Wavuvi walikuwa wanakuja kwetu kuchukua ya kutengenezea chubwi za nyavu. Moshi ule tulikuwa tunauvuta, povu la juu ya sufuria tunalikwangua tunalitupa uani.

Tukiumwa tumbo tunasema chango. Fundi aliyenifundisha, kiganja kilimlegea, kikawa kinaning'inia tu, hata kikombe cha chai ikawa shida kukinyanyua. Tulisema amerogwa na mshindani wake. Mshindani naye baadaye kikamlegea.

MamaMayai (Jumatano, saa 12:15 asubuhi)

Mzee wangu, shikamoo. Nimetoka na tochi sasa hivi kuangalia. Linapasuka kama kigae na lami ipo, imeshika mchanga. Kuna na vibao vyembamba kama vya boksi la viberiti.

PletiKumiNaMoja (Jumatano, saa 1:30 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Hivyo vibao ndivyo tulivyokuwa tunatenganishia pleti kabla havijaja vya plastiki. Basi muuza kahawa hajakudanganya. Hiyo yadi ni ya zamani kweli.

MzeeWaNyundo (Jumatano, saa 2:45 asubuhi)

Nimefanya kazi ya miamba na udongo maisha yangu yote, nimestaafu, nina muda. Nisome taratibu.

Kosa la kwanza wanalofanya watu wote ni kukimbilia shimoni. Wanachota pale palipotisha, wanapeleka, namba inarudi kubwa, wanapiga kelele. Namba ya shimoni unaijua tayari, umeona pleti kwa macho. Mtoto wako hachezi futi nne chini ya ardhi. Swali ni kipi kipo kwenye sentimita mbili za juu pale anapokaa, anapotambaa na anapoangusha mhogo akauokota. Risasi haiozi na haivukizi, na mvua haiisombi kirahisi kwenda chini. Inashikana na udongo wa juu na kukaa hapo. Yadi iliyokufa miaka thelathini iliyopita, kwa risasi ni kama jana.

Chukua kijiko cha chuma kisichoshika kutu, beseni la plastiki, na nailoni mpya. Chagua eneo, tuseme mita mbili kwa mbili. Chota juu juu vijiko vitano kutoka sehemu tano za eneo hilo, changanya kwenye beseni, toa mawe na majani, weka kwenye nailoni mbili. Andika namba kwa kalamu ya wino mzito, na kwenye daftari andika namba hiyo ni wapi, umbali gani kutoka ukutani, siku gani. Wewe ni mtu wa hesabu, hili sikufundishi. Osha kijiko na beseni kwa sabuni kabla ya kuhamia eneo jingine, la sivyo unahamisha risasi wewe mwenyewe na kisha unaipima.

Maeneo ninayoyataka: mbele ya mlango, anapocheza mtoto, chini ya maji ya bati, kuku wanapojigaragaza, na shimoni moja tu kwa kumbukumbu. Ongeza mbili za ujanja. Moja chota mbali kabisa na mjini, kwa ndugu mwenye shamba, upate cha kulinganisha. Ya pili, gawa sampuli moja sehemu mbili na uipe namba mbili tofauti bila kuwaambia maabara. Namba zikirudi zinakaribiana, waamini. Zikirudi mbingu na ardhi, dai pesa yako.

Kausha kivulini kabla ya kupeleka. Kuna mashine ya XRF, ina umbo la bastola, unailenga kwenye udongo na kwa dakika moja inakusomea. Udongo mbichi unaidanganya, inasoma chini. Kwa Dar ningeanza kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, au maabara ya madini kule Kunduchi, sisi wazee tunaiita SEAMIC. Uliza bei kwa kila sampuli kabla hujachota ishirini.

Majibu yatakuja kwa miligramu kwa kilo. Udongo ambao haujaguswa na mtu kwa kawaida una kama 10 mpaka 30. Wamarekani kwa miaka mingi walisema 400 ndiyo mpaka pale watoto wanapocheza, Januari 2024 wakashusha hadi 200. Sisi tuna kanuni zetu za viwango vya ubora wa udongo za 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Mwambie anayekupimia akuwekee majibu mbele ya kanuni hizo, siyo namba tupu.

Umesema kulikuwa na kifusi. Futi nne za kifusi juu ya yadi, ikiwa kilikuja kisafi, ndicho kilichokulinda miaka yote hii. Sururu ndiyo iliyolitoboa shuka. Kwa hiyo nauliza, na hili naona limepita kimya: lile lundo la getini lilikaa siku nne. Siku ya tano lilikwenda wapi?

MtotoWaTemeke (Jumatano, saa 4:20 asubuhi)

Mnakuza mambo tu. Sisi tumekulia Keko, mitaro ya viwanda ndiyo ilikuwa bichi yetu, na tupo. Mtu anakuta kabetri kamoja anataka mtaa mzima ukose wateja wa nyumba. Watanzania tunapenda sana kutishana.

MamaMayai (Jumatano, saa 7:05 mchana)

Mtoto wa Temeke, mngekuwepo wote ungewaleta hapa mkajieleza. Waliopo ndio wanaoandika. Tuyaache.

Mzee wa Nyundo, swali lako la mwisho nimelisomea dukani, nikaomba ruhusa, nikatoka. Nilidhani fundi aliurudisha shimoni. Nimempigia. Anasema nusu aliufukia. Nusu nyingine, toroli tano, alimpa mwenye chekechea mtaa wa pili, kulikuwa na dimbwi mlangoni watoto wanalowa viatu. Hakuuza, alitoa sadaka. Alisema hivyo kwa furaha kabisa, "nilimsaidia yule mama."

Chekechea ina watoto ishirini na kitu. Nakwenda.

SistaWaMaabara (Jumatano, saa 9:40 alasiri)

Dada MamaMayai, pole sana. Kwenye damu naomba nikuelekeze.

Usisubiri majibu ya udongo. Aliyekula ni mtoto, mpime mtoto. Na ni damu, siyo nywele wala kucha, na usimsikilize mwenye mashine ya kushika kiganja inayotaja magonjwa yote. Hospitali ndogo hawana kipimo hiki, uliza kubwa, na ukubali kuwa mara nyingi sampuli hupelekwa mbali na majibu huchukua siku. Omba damu ya mshipa. Ile ya kutoboa kidole inaweza kudanganya kwa mtoto mwenye vumbi mikononi, risasi ya kwenye ngozi inaingia kwenye tone la damu. Wakisema ni kidole tu, mnawishe kwa sabuni mbele yao.

Damu husoma kwa maikrogramu kwa desilita. Hakuna kiwango kinachosemwa ni salama. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 5 ni lazima kutafuta chanzo na kukiondoa. Dawa za kuivuta risasi mwilini huanza kufikiriwa kwa mtoto akifika 45, na hizo ni za hospitali chini ya uangalizi, kwa sababu zenyewe si maji ya dafu. Chini ya hapo tiba ni kuondoa chanzo na kurudia kipimo. Inauma kusikia lakini ndivyo ilivyo.

Kwa nini mtoto? Mtu mzima akimeza risasi mwili wake unafyonza kama sehemu moja ya kumi. Mtoto mdogo anafyonza karibu nusu. Mwili unaidhania ni kalisi, unaipeleka kwenye mifupa, na akiwa na upungufu wa madini chuma ndiyo anafyonza zaidi. Kwa hiyo dagaa, maharage, mchicha uliooshwa vizuri, maziwa, ndiyo, mpe. Lakini niseme hapa maana nakutana nayo kila wiki: maziwa hayasafishi risasi. Wachomeleaji na wapaka rangi wote wanakunywa pakiti moja jioni wanajiona wamesafishika. Maziwa ni chakula, siyo jiki.

Kitu kingine, ukikuta namba kwa mtoto usiulaumu udongo peke yake. Baadhi ya wanja una risasi, na nyie mnampaka mtoto mpaka nyusi. Udongo wa kula, ile pemba ya wajawazito, nao umo kwenye orodha. Sufuria za kuyeyusha chakavu za alumini pia, hasa ukipikia vitu vichachu. Angalia na kama jirani yeyote anayeyusha risasi kwa ajili ya chubwi za nyavu. Andika vyote, mpe daktari.

Mayai acha kula na acha kuuza. Kuku akidonoa udongo wenye risasi, inaingia kwenye yai. Najua ndiyo biashara yako.

MsomiAsiyelipwa (Jumatano, saa 3:15 usiku)

Nitaingia upande wa sheria kwa ufupi, maana humu kila mtu atakuambia "kashtaki".

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 5 kinampa nafasi ya kwenda mahakamani kuidai. Lakini kabla ya sheria hiyo watu wa Dar walishakwenda. Wakazi wa Tabata walilishtaki jiji 1988 kwa ajili ya dampo, moshi na nzi, wakashinda, na jiji likawa linaomba muda, linaongezewa, linaomba tena. Lilipohama likaenda kumwaga Kunduchi Mtongani. Watu wa Mtongani nao, zaidi ya mia saba, wakaenda Mahakama Kuu 1991, na jaji akaona kumwagia watu taka kunagusa haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba. Wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti.

Unaona mwelekeo. Taka za mji huu haziondoki, zinahama kwenda kwa asiye na wakili. Toroli tano za fundi wako ni habari ile ile kwa udogo wake. Kwa hiyo udongo huo usimpe mtu yeyote mwenye gari atakayekuambia "mama niachie mimi". Ni taka hatarishi, ina vibali vyake, na anayeitoa anabaki na mzigo wa kisheria.

Kuhusu kushtaki, nani? Mwenye yadi yuko wapi leo? Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani mwao, chanzo kinaonekana, na bado mambo yaliwachukua miaka. Mahakama ya mazingira iliwapa shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikatengua, mpaka Mahakama ya Juu ikarudisha Desemba 2024. Walianza na damu za watoto na daftari la nani alipimwa lini. Wewe andika barua kwa NEMC, baraza la serikali la mazingira, ofisi ya kanda, nakala kwa mtendaji wa kata, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupokea, andika jina la meza na saa.

MamaMayai (wiki saba baadaye, Jumapili, saa 2:20 usiku)

Wakuu, nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nasubiri karatasi. Zimekuja zote.

Nilichota sampuli tisa. Nilifuata maelekezo ya Mzee wa Nyundo neno kwa neno mpaka mume wangu akawa ananiita mjiolojia. Ya kulinganisha nilichota kwa dada yangu Kibaha, chini ya mkorosho. Hiyo imesoma 14. Shimoni ni 6,200, na mzee alisema mapema kuwa hiyo si habari. Chini ya mwembe anapocheza mdogo, 160. Mlangoni 310, na pacha wake niliyemficha kwa namba nyingine amesoma 298, kwa hiyo nimewaamini. Pale kuku walipojigaragaza, lundo lilipokuwa, 1,480. Lundo lilishaondoka! Mimi mwenyewe nilipafagia kwa fagio la chelewa, vumbi likaruka mpaka kwenye kamba ya nguo, nikaona nimesafisha.

Mlango wa chekechea, 890.

Nianze na huko. Siku ile nilipokwenda mwalimu alinipokea vizuri mpaka nilipotamka neno risasi. Akafikiri nazungumzia bunduki. Nilipomfafanulia akakaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamefika kifuani, akaniuliza kitu kimoja tu: "Wazazi wakijua wataendelea kulipa?" Sikumjibu, maana mimi pia nauza mayai. Tulikubaliana hivi. Mimi nalipia kuondoa ule udongo na tripu moja ya mchanga safi juu yake, yeye anawaambia wazazi kwa mdomo wake. Nilitimiza wangu Jumamosi ile ile. Yeye alichelewa wiki mbili, lakini aliitisha kikao akasema. Wawili wamehamisha watoto. Wanne wamepeleka watoto wao kupima, bado wanasubiri.

Damu za kwangu. Mkubwa, ana miaka minane, 4. Mdogo 9. Daktari alieleza kama Sista alivyoeleza hapa, hakuna dawa, ondoa chanzo, rudi baada ya miezi mitatu. Nilitoka pale nimeshika karatasi, mdogo anadai juisi ya ukwaju. Nikamnunulia mbili.

Karo jipya tumelihamishia upande wa pili, na shimo la kwanza limefukiwa, juu tumeweka mchanga safi wa futi moja na kupanga matofali ya saruji. Getini nako vilevile. Viatu vinaishia nje. Kufagia nimepiga marufuku, ni kudeki kwa maji na kitambaa, hata baraza. Wanja nimetupa, bibi yao amenuna. Kuku nimewachinja wote isipokuwa jogoo, na kabla hamjauliza, hapana, hatukuwala, tumewafukia. Mume wangu alisimama pale shimoni akawahesabu mmoja mmoja kwa bei ya sikukuu.

Udongo uliotoka chekechea na getini umo kwenye viroba 31, vimefungwa, vimefunikwa turubai, viko banda la kuku. Barua yangu ya NEMC imegongwa muhuri na namba ya kumbukumbu ninayo, ya kweli. Nasubiri waniambie vinakwenda wapi. Alikuja kijana na kirikuu usiku, sijui nani alimwambia, akasema nimpe elfu sitini "na pa kumwaga anapajua". Nikamwambia nami napajua, ndiyo maana simpi.

Mzee PletiKumiNaMoja, muuza kahawa anakusalimu. Anasema yule fundi wa kiganja kilicholegea anahisi alimjua.

Na jirani wa kushoto. Tangazo bado liko ukutani. Juzi saa tatu usiku akagonga geti, kanzu, kofia, nikajua ni ugomvi. Akakataa kuingia ndani. Alisimama akaangalia matofali mapya kwa muda, kisha akasema mjukuu wake wa Mbagala anakuja kukaa kwake likizo yote. Akaniuliza kama kile kijiko bado ninacho.

MzeeWaNyundo (Jumapili, saa 3:05 usiku)

Mpe. Kioshe kwanza.